Habari za Kupima Tumbo kwa Mkono

Katika Kiswahili neno "tumbo" limebebeshwa mzigo mkubwa. Aumwaye na matumbo, aumwaye na ini, na mwanamke aumwaye na mji wa mimba, wote husema, "Naumwa na tumbo." Neno "chango" nalo ni vivyo hivyo: laweza kuwa minyoo, laweza kuwa msokoto, na likiongezwa "la uzazi" huwa maumivu ya wanawake. Lakini mahali penyewe twapataja kwa usahihi: chembe cha moyo, kitovu, kinena, ubavu wa kuume na wa kushoto. Mgonjwa asiyelijua jina la ugonjwa aweza kuonyesha mahali pake. Nasi twaona ya kuwa habari za kupima tumbo ni habari za matabibu waliojifunza kuuliza, "Ni wapi?" kisha kulihakikisha jibu kwa mkono.

Wayunani walianza zamani. Kitabu kiitwacho Prognostikon, kimojawapo cha vile vinavyohesabiwa kuwa vya Hippocrates, chafundisha kwamba sehemu iliyo chini ya mbavu ni njema ikiwa laini, isiyouma, na sawasawa kuume na kushoto. Walakini shabaha yao hasa ilikuwa kubashiri nani atapona na nani atakufa. Kiungo kipi kimeugua halikuwa swali kubwa kwao.

Hatua nyingine ilitoka kwa Leopold Auenbrugger, tabibu wa Vienna, mwana wa mwenye nyumba ya wageni wa mji wa Graz. Mwaka wa 1761 alitoa kitabu kidogo akieleza jinsi ya kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza sauti, kama vile pipa ligongwavyo kujua limejaa hata wapi. Wengi hawakumjali, hata Corvisart alipokifasiri kitabu kwa Kifaransa mwaka wa 1808, mwaka mmoja kabla ya mwenyewe kufa. Baadaye ufundi huo ulitumika tumboni pia. Palipo na hewa hulia kama ngoma. Palipo na maji sauti hufifia. Tena mgonjwa akigeuzwa ubavu, maji huteremka upande wa chini, na ile sauti iliyofifia huhama pamoja nayo.

Lakini ugonjwa uliowafunza matabibu thamani ya mkono kuliko yote ni ule wa kidole tumbo, kile kijitumbo chembamba kining'iniacho mwanzoni mwa utumbo mpana. Kwa miaka mingi watu walikufa kwa maumivu ya upande wa kuume chini, na lawama ikatupwa juu ya utumbo mpana wenyewe. Mwaka wa 1886 Reginald Fitz wa Boston alikusanya habari za wagonjwa wengi, akaonyesha ya kuwa chanzo cha kawaida ni kidole tumbo kilichovimba na kutoboka, akashauri kipasuliwe mapema. Basi likabaki swali: tabibu atajuaje kabla hakijatoboka? Charles McBurney wa New York alijibu mwaka wa 1889. Alisema kwamba ukibonyeza kwa ncha ya kidole kimoja, uchungu mkali kuliko wote hupatikana inchi 1½ hata 2 kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kuume, juu ya mstari unyookao kwenda kitovuni.

Maumivu haya yana safari yake. Kwanza hukaa karibu na kitovu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya matumbo haipambanui mahali vema. Uvimbe ukiisha kugusa utando uliofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ndipo uchungu huhamia kuume chini, na misuli ya hapo hukaza bila mgonjwa kutaka. Tumbo lote likiwa gumu kama ubao, yamkini sumu imekwisha kuenea.

Ugonjwa huu haukuchagua mtu. Sir Frederick Treves, mpasuaji mashuhuri wa London, alifiwa na binti yake kwa ugonjwa uo huo mwaka wa 1900. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Juni 1902, siku mbili tu kabla ya siku iliyowekwa ya kutawazwa Mfalme Edward VII, Treves alimpasua mfalme akatoa usaha. Mfalme alipona, akatawazwa tarehe 9 Agosti.

Siku hizi kuna mashine zionyeshazo picha za ndani ya mwili, na kupimwa damu. Tena ile desturi ya kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu hata apimwe, kwa kuogopa kuficha dalili, imeachwa, kwa kuwa majaribio yameonyesha ya kuwa kumtuliza hakumzuii tabibu kujua. Lakini mashine haziko kila mahali, na hata zilipo, mkono ndio utanguliao: kutazama, kusikiliza, kugonga, na mwisho kubonyeza, kuanzia mbali na panapouma.

Iko desturi nyumbani kwetu ya kumpa haluli kila aumwaye na tumbo, ili aharishe na kusafika. Kwa neno moja "tumbo" desturi hiyo yaonekana sawa. Kwa mahali pa uchungu yaweza kuwa hatari, maana dawa ya kuendesha huyasukuma matumbo, na kidole tumbo kilichovimba chaweza kutoboka. Basi maumivu yakihama kutoka kitovuni kwenda kuume chini na kukaa hapo, mgonjwa akataye chakula na kutapika asipewe haluli, bali apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Nasi tulio wenye lugha tuwafundishe watoto wetu kusema zaidi ya "naumwa na tumbo": waseme ni wapi, tangu lini, na kama uchungu umehama.