Kigwa hakuna nyumba ya kupiga picha

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya tesiti. Likizo nilikuwa kwa bibi Kigwa, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Nilienda na kazi ya semina: eleza nyumba moja ya kihistoria ya kwenu. Nikasema hapa nina A ya bure, maana Kigwa ilikuwa kituo cha misafara. Stanley alipita hapo Juni 1871, siku chache kabla ya kufika Kwihara.

Basi bwana, nikazunguka kijiji kizima. Hakuna kitu! Nyumba za zamani zilikuwa za tembe, miti na udongo mpaka juu ya paa. Ukiacha kuikandika misimu michache, mvua inairudisha ardhini.

Nikapanda gari mpaka Kwihara. Pale kuna tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, siku hizi ni makumbusho. Kumbe hata yenyewe ilibomoka, ikajengwa upya karne ya 20! Ilipata bahati hiyo kwa sababu mwenye jina alilala humo.

Na waliobeba mizigo je? Nguo na shanga zilikuja bara mabegani mwa watu, pembe za ndovu zikarudi pwani vilevile. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi Tabora mwaka 1857. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, hilo tusilifiche. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi aliheshimika kijijini. Reli ilipofika Tabora 1912, kazi yao ikaanza kufa.

Mwaka 2006 njia hii iliingizwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kigwa haimo.

Jioni nikamlalamikia bibi kwamba kwetu hakuna historia. Alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua uso.

"Mjukuu wangu, mgeni wa kulala hajengi. Anakunywa maji, anaota moto, alfajiri kaondoka. Sasa hiyo njia uliyopita kuja hapa, ilikanyagwa na nani mpaka ikawa njia?"

Nikanyamaza. Usiku nikafuta nilichoandika, nikaanza upya. Nikaandika njia badala ya nyumba.

Nimepata B. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Swali liliuliza nyumba." Sina kinyongo, swali kweli liliuliza nyumba.

Ila nyie wenzangu wa Ujiji, Mpwapwa na Kilimatinde, likizo ijayo msiishie kupiga picha kuta. Waulizeni bibi na babu zenu wangalipo. Nao ni tembe, msimu mmoja tu wa mvua unatosha.

Haya, bumu limekata, naenda kutafuta wa kunikopesha hela ya maharage. Tuonane wiki ijayo.