Kikopo Tulichochimbua kwa Shosho

Wasee, kabla hujauzia mtu wa vyuma kitu chochote cha ushago, soma hii kwanza.

Disemba nilikuwa Murang'a na binamu yangu. Jamaa alikuwa amenunua ile mashine ya kutafuta chuma ardhini, inayolia piii ukipita juu ya kitu. Yeye alikuwa anaota dhahabu. Siku ya kwanza tulipata misumari, vifuniko vya soda, jembe lililoliwa na kutu hadi likabaki nusu, na senti kumi yenye tundu katikati. Hiyo senti haisumbui kutambua. Imeandikwa East Africa, jina la mfalme wa Uingereza liko hapo, na mwaka pia.

Siku ya pili, karibu na zizi la zamani, tukatoa kikopo bapa, kidogo kutoshea kiganjani, chenye vitanzi viwili juu. Tukabishana. Binamu akasema ni cha ugoro. Mimi nikauliza, ugoro gani unawekwa kwa kikopo bapa hivi? Na mbona vitanzi viwili, kama kitu cha kuning'inia kifuani? Nikaanza kukisugua na waya ya sufuria (kosa kubwa, usifanye hivyo, unafuta alama zote).

Shosho akatoka jikoni, akakishika, akanyamaza.

"Hii ni mbugi ya baba yangu," akasema.

Mbugi kwa Kikuyu ni kengele ya mbuzi. Wazee ndio waliita hivyo kile kikopo cha kipande, kwa sababu kilivaliwa shingoni kama mifugo. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, kabila lake, mwajiri na mshahara. Ukiacha kazi kabla mzungu hajaweka sahihi, wewe ni mtoro, na polisi wanakutafuta. Mwajiri mpya naye anasoma ulikuwa unalipwa ngapi, kwa hivyo hata kuomba nyongeza ni ngumu. Manze, hiyo karatasi ilikuwa kamba kabisa.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipigia kelele kipande, kodi ya nyumba na kukatwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati ukajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani, akasonga mbele, akapigwa risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Waafrika walisema ni wengi zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu. Leo tunapita Harry Thuku Road tukienda chuo, tukilalamikia foleni. Kipande chenyewe kiliendelea hadi miaka ya 1940.

Sasa shida yangu ni hii. Sheria ya makumbusho ya 2006 inaita mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895. Kikopo cha 1920 hakimo. Kwa hivyo mtu wa vyuma akija na mkokoteni wake, anakipima kwa kilo pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka, na hakuna wa kumuuliza. Vingapi vimeenda hivyo? Kama umepata chako, piga picha hapo hapo kwa shimo, andika ulikitoa wapi, halafu umuonyeshe mtu wa miaka 80 kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini kama kinafanana na bomu au risasi kubwa, hasa pande za Samburu na Laikipia ambako wanajeshi hufanyia mazoezi, usiguse. Rudi nyuma uite polisi.

Binamu alikifungua kikopo polepole kwa kisu. Shosho alikuwa amesogea karibu, ametandaza leso yake chini ili karatasi isipotee. Kilichomwagika ni udongo tu, mwekundu. Akaukunja ndani ya leso, akaenda nao chumbani.