Kipindi cha Jura: jina la Ulaya, mifupa ya Lindi

Sinema ya Jurassic Park ilipotoka mwaka 1993, neno la wanajiolojia, Jurassic, liligeuka kuwa la kila mtu, likabaki na maana ya "zamani za dinosaria" basi. Kumbe nyota wa sinema ile, Tyrannosaurus, hakuwahi kuishi katika kipindi cha Jura. Alitokea zaidi ya miaka milioni 70 baada ya kipindi chenyewe kwisha.

Jura ni safu ya milima mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Mwishoni mwa karne ya 18, Alexander von Humboldt aliyatenga mawe ya chokaa ya milima hiyo kuwa kundi la peke yake. Mwaka 1829 Mfaransa Alexandre Brongniart akaitumia Jura kuitambulisha miamba ya rika hilo. Kwa hiyo jina lilianza kwa mawe. Hesabu ya miaka ilikuja katika karne ya 20, baada ya watu kujua kupima madini yenye mnururisho: kipindi kilianza takriban miaka milioni 201 iliyopita, kikaisha takriban milioni 145 iliyopita.

Katika Kiswahili istilahi hii inaweza kuja kwa sura mbili, Jurasiki na kipindi cha Jura. Ya kwanza imebeba mkia wa Kizungu unaogeuza nomino kuwa kivumishi, kazi ambayo kwetu hufanywa na "cha" au "ya". Ya pili inasema waziwazi jina limetoka wapi, na inaingia kirahisi kwenye sentensi: miamba ya Jura, bahari ya Jura, wanyama wa Jura. Neno la kuangaliwa ni "kipindi". Katika jiolojia kipindi ni sehemu ya enzi, na enzi ya Mesozoiki ina vipindi vitatu: Triasi, Jura na Kretasia. Anayeandika "enzi ya Jura" anakuwa amekipandisha cheo.

Anayetaka kuijua Jura si lazima apande ndege kwenda Uswisi. Kilima cha Tendaguru kipo kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria wenye mifupa hiyo, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Watanzania wanamwita mjusi wa Tendaguru, na kwa jina hilo suala la kumrejesha limefika hadi bungeni. Kwa nasaba, dinosaria wako karibu zaidi na mamba na ndege kuliko mijusi. Lakini hata Richard Owen, aliyebuni jina la dinosaria mwaka 1842, alilichota katika neno la Kigiriki la mjusi.

Walijuaje kwamba mawe ya Lindi ni ya Jura? Ushahidi mmoja mkubwa ni makombe. Kati ya matabaka yenye mifupa kuna mchanga wa baharini uliogeuka jiwe, umejaa makombe mazito ya trigonia, yenye umbo la karibu pembetatu na matuta mgongoni. Visukuku vya baharini vya namna hii hulinganishwa na vya kwingineko duniani ambavyo rika lake limeshajulikana. Pia vinaeleza mazingira: bahari ilikuwa ikisogea na kurudi, ikiacha mafungu ya mchanga, wangwa uliofunikwa maji yakijaa, na bara lililoota miti ya jamii ya misunobari pamoja na kangaga. Nyasi hazikuwepo, wala maua. Mvua zilikuwa za msimu, kiangazi kikali. Giraffatitan alikula majani ya juu, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani akala ya chini, huku mamalia wakiwa wadogo kama panya.

Hapa istilahi inahitaji hadhari moja zaidi. Wanajiolojia hutenganisha mawe na wakati: tabaka ni la Jura ya Juu, mnyama aliishi Jura ya Mwisho. Mifupa maarufu ya Tendaguru ni ya Jura ya Mwisho, miaka milioni 150 hivi iliyopita, ila matabaka ya juu kabisa ya eneo hilo yanaingia Kretasia, kwa hiyo si kila jiwe la pale linastahili kuitwa la Jura.