Bendera Zinazoshabihiana: Kenya, Malawi na Sudan Kusini

Bendera za mataifa haya matatu huchanganywa mara kwa mara, kwa kuwa zote zina mlia mweusi juu, mwekundu katikati na wa kijani chini. Na mkaazi wa Kinoo ashukaye kwa barabara kuu itokayo Nakuru, akapita Westlands hadi katikati ya Nairobi, mji wenye balozi nyingi na mikutano ya mataifa isiyokatika, ana haja ya kuzipambanua kuliko watu wengi, madhali kuiita bendera ya mtu kwa jina la nchi nyingine ni kumvunjia heshima mgeni aliyekuja kwa wema.

Bendera ya Kenya, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, ilitokana na ile ya chama cha KANU. Weusi ni wananchi, wekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, na kijani ni ardhi yenye rutuba. Baina ya milia hiyo hupita fito mbili nyembamba nyeupe, alama ya amani, na katikati imesimama ngao ya Kimaasai juu ya mikuki miwili iliyopishana, ncha zake zikielekea juu. Kwa ncha hizo hujulikana mara moja kama bendera imetundikwa kichwa chini, kosa ambalo ngao peke yake, kwa jinsi inavyolingana juu na chini, isingelifichua.

Malawi, iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, haina fito nyeupe: rangi zake hugusana, na ndani ya mlia mweusi huchomoza nusu ya jua jekundu lenye miale 31. Mwaka 2010, katika utawala wa Bingu wa Mutharika, wekundu ulipelekwa juu, weusi ukashuka katikati, na jua likawa zima na jeupe. Lakini mwaka 2012, baada ya kufariki kwake, bendera ya awali ilirudishwa, hata kitabu kilichopigwa chapa baina ya miaka hiyo miwili humpotosha msomaji hadi leo.

Shida kubwa ni Sudan Kusini, ambayo ina fito nyeupe kama za Kenya. Bendera hii ilikuwa ya chama cha SPLM, ikawa ya serikali ya kusini mwaka 2005, baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari, na ikawa ya dola kamili tarehe 9 Julai 2011. Mbele ya mlingoti ina pembetatu ya buluu, yaani maji ya Nile, yenye nyota ya rangi ya dhahabu ndani yake. Upepo unapovuma hapana wa kukosea. Bali upepo ukilala, nguo ikajikunja na kuficha ngao na nyota pia, aghalabu huonekana mikunjo ya nyeusi, nyekundu na kijani tu. Hapo jicho na lianze kwenye mshono ulio karibu na kamba: ikiwa buluu imeshika mshono huo, ni Sudan Kusini, ikiwa milia mitatu pamoja na fito nyeupe imefika hadi kambani, ni Kenya, na ikiwa hapana weupe hata kidogo baina ya rangi, ni Malawi. Fundi cherehani ashonaye bendera kwa ajili ya Jamhuri asizidharau fito hizo, maana akizisahau amekwisha kuiondolea Kenya nusu ya sura yake.

Kanuni ya kuanzia mlingotini hufaa vilevile Afrika Magharibi. Guinea huanza kwa wekundu, ikaja manjano, kisha kijani. Mali huanza kwa kijani na kumaliza kwa wekundu. Senegal hufuata mpango wa Mali, ila hutia nyota ya kijani katikati. Baina ya Guinea na Mali hapana nembo wala ufito wa kumsaidia mtazamaji, na asiyejua kamba iko upande gani hawezi kuzitenga.