Habari za Mtungi, Mtepe na Boriti

Mtoto atumwaye kuteka maji ya kunywa, akikuta tumbo la mtungi limelowa na pengine matone yameanguka sakafuni, hukimbilia kwa mama yake kushitaki kwamba mtungi umetoboka. Na mama, aliyekwisha kuzoea mashitaka ya namna hiyo, humjibu kwa upole kuwa mtungi hauna kosa lolote, na kwamba lau usingalitoa jasho hata kidogo usingalifaa kuwekewa maji ya kunywa.

Jibu hilo ni fupi, walakini ndani yake mna habari ndefu ya pwani yetu. Wako wadhanio kuwa wazee wetu walitumia udongo, makumbi, mikoko na mawe ya bahari kwa sababu ya umaskini tu, kwa kuwa hawakuwa na kingine. Dhana hiyo siikubali. Chuma walikuwa nacho, na vyombo vya shaba na vya kaure viliwafikia kutoka Uajemi, Bara Hindi na China. Na bado kila kitu cha nyumbani kilichaguliwa kitokane na nini baada ya karne nyingi za kujaribu, na aghalabu jambo lililokipa kitu thamani katika kazi moja ndilo lile lile ambalo katika kazi nyingine lingaliitwa ila.

Mtungi hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, ukaanikwa kivulini usipasuke, ukachomwa kwa moto wa kuni na nyasi. Ukiisha kupoa huwa na vinyweleo vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji hupenya humo polepole mpaka nje, upepo ukayakausha, na katika kukauka kwake yakachukua sehemu ya joto la maji yaliyobaki ndani. Ewe mtoto usomaye, lowesha mkono wako kisha uupulizie, nawe utaisikia baridi hiyo hiyo. Ndoo ya bati haivuji, nayo ni sifa njema kwa kubebea maji kutoka kisimani. Lakini maji yaliyowekwa ndani yake hupata joto la mchana kama lilivyo, kwa kuwa ndoo haina jasho. Kata ya kuchotea ilifanywa kwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti, kwa kuwa kifuu ni chepesi, hakinywi maji na hakishiki kutu. Na upawa wa mchuzi ni ndugu yake, kwani kifuu hakipitishi moto upesi hata ukauunguza mkono wa mpishi.

Katika nazi hiyo hiyo hutoka usumba, na hapa yafaa tutue kidogo. Makumbi mabichi hayasokoteki. Wanawake wa mashamba ya Unguja, hasa pwani ya mashariki, huyafukia katika mashimo ya ufuoni na kuyagandamiza kwa mawe, maji ya bahari yakawa yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, hata nyama laini iliyoshika nyuzi ioze na nyuzi zenyewe zibaki. Kisha huyafukua yakiwa meusi na yenye harufu asiyoisahau mtu aliyepata kuinusa, wakayaponda kwa gongo, wakayaosha, wakayaanika, na mwisho wakayasokota kwa viganja. Uzi uliokwisha kukaa baharini miezi mingi pasipo kuoza hauogopi tena maji ya chumvi. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 ukatajirisha mashamba ya Tanga, una nguvu nyingi nchi kavu, lakini kwa kukaa katika maji ya bahari haushindani na usumba.

Kwa kamba hii walishona vyombo vya safari. Kitabu cha mwongozo wa wafanya biashara, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, chataja mashua zilizoshonwa katika bandari ya Rhapta ya pwani hii. Wa mwisho katika ukoo huo ulikuwa mtepe, chombo cha Wabajuni na cha watu wa visiwa vya Lamu, chenye mlingoti mmoja na tanga la mraba lililosukwa mfano wa jamvi; mbao zake zilitobolewa matundu pembezoni, zikaunganishwa kwa vijiti, zikashonwa kwa usumba, matundu yakazibwa, na msumari wa chuma usiguse popote. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, aeleza katika habari zake za visiwa vya Maldivi kuwa bahari hii ina miamba mingi, na kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunyumbuka kikasalimika. Kweli mtepe ulikuwa ukivuja, na mabaharia wake walikuwa wakifua maji usiku na mchana bila kupumzika, na kamba zilitaka kushonwa upya mara kwa mara. Lakini katika fuo zisizokuwa na gati, ambako chombo chenye shehena hukalishwa mchangani maji yanapokupwa, ubavu ulegeao kidogo hudumu kuliko ubavu mgumu.

Shehena yenyewe mara nyingi ilikuwa boriti. Mkoko hukua katika tope la chumvi, na mti wake ni mzito, mnyofu, nao una dawa kali ya asili ambayo mchwa haipendi. Ndiyo sababu ulikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, ukachukuliwa Unguja na Mombasa, na majahazi yakaupeleka mpaka Omani, Bahrain na Kuwait, nchi zisizokuwa na miti ya kuezekea. Ila yake ni ufupi. Boriti hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa urefu usiopita sana mita 3, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba: mwashi hakuchagua upana wa chumba, ulichaguliwa na mkoko.

Kuta nazo zilitoka baharini. Jiwe la tumbawe likikatwa likiwa bichi huwa laini, na fundi huweza kulichonga nakshi za mlango na za mihrabu; likiisha kukauka hewani huwa gumu. Kwa mawe ya namna hii ilijengwa Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14, na chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma mawe ya pwani juu ya tanuri la magogo.

Bati, msumari na saruji vilipokuja havikuja kwa hila. Vilikuja kwa urahisi wake, na mtepe ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa kuwa jahazi la misumari lilibeba zaidi na kuvuja kidogo. Hilo ni haki yake. Lakini saruji iliyochanganywa na mchanga wa pwani huzitia kutu nondo zake, na hili mafundi wetu wengi wamelijua baada ya nyumba kupasuka.

Kwa walimu wa madarasa ya chini nina ombi moja. Waambieni watoto walete kutoka nyumbani kigae cha mtungi, kifuu, kipande cha kamba ya usumba na kipande cha bati. Wavitie majini, waviweke juani, wavivute na kuvigonga. Na kabla ya kuwaeleza neno lolote, waulizeni kipi wangekitumia kwa kazi gani, na kwa nini.