Tovuti ya huduma za wanafunzi: Jinsi ya kuipanga upya iwe rahisi kutumia

KATIKA vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki, dirisha la msajili limehamia kwenye kompyuta na simu. Usajili, uchaguzi wa masomo, malipo ya ada, maombi ya vyumba vya mabweni na matokeo ya mitihani hupatikana katika tovuti ya huduma za wanafunzi, ambayo mwanafunzi huifungua kwa namba yake ya usajili na neno la siri.

Foleni ya zamani ilikuwa na adha zake, lakini ilikuwa na faida moja: mwanafunzi aliyekosea kujaza fomu aliambiwa papo hapo na karani. Tovuti iliyopangwa vibaya haimwambii. Anaweza kubofya, akaamini kwamba amesajiliwa, kisha akagundua karibu na mitihani kuwa jina lake halimo kwenye orodha. Kwa anayetegemea mkopo, usajili usiokamilika unaweza kuchelewesha fedha za chakula na malazi. Hivyo urahisi wa kutumia tovuti hii si suala la mapambo.

Kwa Tanzania, mzigo huo uliongezeka mwaka 2017. Mfumo wa pamoja wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, ulioanza mwaka 2010, ulisitishwa na waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Tangu hapo, mwombaji anayetaka kujaribu bahati yake katika vyuo vitatu hulazimika kujifunza mifumo mitatu.

Maana ya urahisi wa kutumia

Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilieleza jambo hili katika kiwango namba 9241-11 cha mwaka 1998, kilichorekebishwa mwaka 2018. Kiwango hicho kinatazama mambo matatu: kama mtumiaji anafikia lengo lake, kama anatumia muda na nguvu kiasi kinachofaa, na kama anaridhika.

Aidha, kinasisitiza kwamba vipimo hivyo vina maana kwa mtumiaji fulani, anayefanya kazi fulani, katika mazingira fulani. Mfumo ulio rahisi kwa mhasibu mwenye kompyuta ofisini unaweza kuwa mgumu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye simu ya kioo kidogo na kifurushi cha intaneti kinachokaribia kwisha.

Chanzo cha tatizo

Kasoro kubwa ya tovuti za aina hii ni kujengwa kwa kufuata mgawanyo wa ofisi. Msajili ana ukurasa wake, idara ya fedha wake na mshauri wa wanafunzi wake. Mwanafunzi hafikirii kwa ofisi bali kwa kazi iliyo mbele yake. Yeye anataka kusajiliwa, na hajui kuwa usajili unapitia kwa mhasibu, kwa msajili na katika idara yake.

Pengo hilo liliwahi kuchekesha watu wengi. Mwaka 2010 mchora katuni wa Marekani, Randall Munroe, alichora miduara miwili: mmoja wa vitu vinavyowekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo kikuu, mwingine wa vitu ambavyo watu huenda kuvitafuta. Kitu pekee kilichokuwa ndani ya miduara yote miwili ni jina kamili la chuo.

Malipo ya ada ni mfano mzuri. Katika vyuo vya umma vya Tanzania, mwanafunzi hupata kumbukumbu namba ya malipo kupitia mfumo wa malipo wa Serikali ulioanza mwaka 2017. Huitoa namba hiyo kwenye tovuti, huenda kulipa kwa benki au kwa simu, kisha hurudi. Akirudi na kukuta ukurasa uko vile vile, hajui kama fedha zimefika, na wala hajui kama kuna hatua iliyobaki. Tovuti nzuri humwambia waziwazi: malipo yamepokelewa, bado hujachagua masomo, mwisho ni tarehe fulani.

Hatua za kuipanga upya

Kwanza, chuo kiorodheshe kazi ambazo wanafunzi huja kuzifanya, badala ya kuanza na rangi na picha. Maswali yanayoulizwa kila siku katika dawati la msaada, kumbukumbu za seva na kalenda ya masomo huonyesha kazi zipi zina watu wengi na zipi zina madhara makubwa zikikosewa.

Pili, majina ya sehemu za tovuti yatoke kwa watumiaji. Njia inayotumika sana ni ya kadi. Kila huduma huandikwa kwenye kadi yake, na wanafunzi wapatao 15, mmoja mmoja, huombwa kuzipanga katika mafungu na kuyapa majina. Neno linalotumiwa na mhasibu pekee halitajitokeza humo.

Tatu, kurasa zichorwe kwenye karatasi kabla ya kuandika programu. Kufuta mstari wa penseli ni gharama ndogo kuliko kubomoa mfumo uliokwisha kulipiwa.

Nne, kurasa zijaribiwe na wanafunzi wenyewe. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, ikiwa kila mshiriki hugundua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, washiriki watano huibua karibu asilimia 85. Hesabu hiyo inahusu kundi moja la watumiaji wanaofanana. Wa mwaka wa kwanza, wa uzamili na wasioona wanahitaji majaribio yao. Ni afadhali pia kufanya majaribio madogo mara tatu, kwa kurekebisha kila mara, kuliko jaribio moja kubwa mwishoni.

Mshiriki hupewa kazi halisi, kwa mfano: "Ulilipa ada jana, hakikisha umesajiliwa." Msimamizi hukaa kimya na kuandika anapokwama.

Tano, matokeo yapimwe kabla na baada ya mabadiliko. Dodoso lililobuniwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986 lina kauli 10 tu na hutoa alama kati ya 0 na 100. Alama 68 huchukuliwa kuwa wastani.

Mambo madogo yenye uzito

Ujumbe wa kosa useme kosa ni lipi na afanye nini. Mwanafunzi akiandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne kwa mikwaju badala ya nukta, programu iikubali na kuigeuza yenyewe. Muda wa kukaa ndani ya mfumo ukiisha, alichokwisha kujaza kihifadhiwe. Kila kazi iliyokamilika itoe stakabadhi yenye tarehe, saa na namba.

Kurasa ziwe nyepesi. Siku ya matokeo maelfu huingia kwa wakati mmoja, na seva ambayo haikujaribiwa kwa wingi huo huelemewa. Matokeo yaliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida hufunguka haraka kuliko faili kubwa la kupakua.

Wenye ulemavu wasisahaulike. Miongozo ya kimataifa ya upatikanaji wa tovuti ilianza mwaka 1999, na toleo namba 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Katika ngazi inayolengwa na taasisi nyingi, maandishi ya kawaida hutakiwa kutofautiana na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Rangi nyekundu peke yake haitoshi kuonyesha somo lililofeliwa, kwa kuwa programu zinazosoma kwa sauti hazitaitaja.

Usiri nao ni sehemu ya ubora. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mwanafunzi akibadilisha tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa, asifungue matokeo ya mwenzake.

Kuhama bila kuvuruga

Mfumo mpya usizinduliwe katika wiki ya usajili. Kipindi cha likizo hufaa zaidi, ukianza na kitivo kimoja huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Watumishi wa dawati la msaada wafundishwe mapema, na dirisha la mtu wa kuongea naye libaki wazi.

Chuo kinachotaka kujua kama kazi imefanyika kinaweza kumpa simu mwanafunzi aliyefika jana. Bila kuelekezwa, ukurasa wa mbele unapaswa kumjibu maswali matatu: Nimesajiliwa? Nadaiwa nini? Siku ya mwisho ni lini?