Chuma cha Mbozi na Mawingu ya Nyota

Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikuta mgongo wa chuma umechomoza ardhini, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, Mbozi, katika Mkoa wa Songwe wa leo nchini Tanzania. Vitabu husema alikigundua. Wenyeji walikijua zamani; kilikuwa na miiko yake, na hawakuona sababu ya kumtangazia mgeni.

Udongo ulipochimbwa pande zote, kikaonekana kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, kikiwa kimebaki juu ya nguzo ya udongo ambayo baadaye iliimarishwa kwa zege. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Zaidi ya asilimia 90 ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli. Kwenye kona moja kuna alama ya msumeno: waliotaka sampuli walitoka jasho kupata kipande kidogo tu. Mwaka 1931 wanajiolojia Grantham na Oates walikiandikia makala ya kitaalamu. Shimo la kuangukia halikuonekana, kwa hiyo kilianguka zamani sana.



Asili ya chuma hicho iko mbali zaidi. Kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuwapo, kikasambaa katika wingu la gesi na vumbi, na miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita wingu hilo likajikusanya na kuzaa jua na sayari zake. Mawingu ya aina hiyo huitwa nebula. Wapiga picha wa anga huyafuata usiku kucha. Mbozi mtu huweka kiganja juu ya kilichotokana na wingu kama hilo.

Ufundi wa kuyapiga picha ulikulia majumbani. Henry Draper, daktari wa New York, aliipiga picha nebula ya Orion mnamo Septemba 1880, akiliacha bamba lipokee mwanga kwa dakika 51. Mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa mabomba ya maji, aliipiga tena akiwa uani kwake Ealing, London, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 91. Picha yake ilionyesha nyota ambazo jicho halikuziona hata kwa darubini.

Huku Nyanda za Juu Kusini, Mbozi ilipo, siku iliyowatoa watu nje ilikuwa Septemba 1, 2016. Mwezi ulilifunika jua ukaacha pete ya mwanga, na Rujewa, kwenye barabara ya Iringa kwenda Mbeya, ikafurika watazamaji wenye miwani maalumu. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa amewaeleza wananchi mapema namna ya kutazama bila kuumiza macho.

Anayetaka kupiga picha za nebula huku leo atapambana kwanza na mvua. Orion hupita juu ya Mbeya Desemba na Januari, katikati ya msimu wa mvua, mbingu zimefungwa. Afadhali asubiri Julai. Baridi ya miji ya nyanda hizi kama Mafinga na Makambako ni kali, koti zito ni lazima, lakini kundinyota la Mshale hupanda karibu na utosini likiwa na nebula zake, na Njia ya Maziwa huonekana bila darubini.